Dada Harudi Mwezi Huu

Seoul, 19 Februari 2024

Mdogo wangu Du-sik,

Hujambo? Masikio yanaendeleaje? Juzi nilikupigia simu nikapaza sauti mpaka jirani wa chini akapanda kugonga mlango, na wewe ukanijibu habari za mbolea. Basi turudi kwenye barua, kama ulipokuwa jeshini. Nami nafurahi, maana kwenye barua huwezi kunikatiza.

Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika baridi ikizidi, mengine yote yapo. Ijumaa nimefunika cherehani yangu kwa mara ya mwisho. Miaka arobaini na minane ya kushona makoti ya watu pale Dongdaemun imekwisha saa kumi na mbili jioni. Mwenye karakana akanipa keki na soksi. Nililia kidogo, kisha nikala keki.

Mwanao Hyeon-u alinipigia kutoka Ulsan kunitakia heri ya Mwaka Mpya wetu wa mwezi mwandamo. Anasema mkewe ni mjamzito. Na wewe umekaa na habari kama hiyo kimya, kwani ni siri ya serikali?

Sasa hilo la kurudi. Nakumbuka vizuri tulivyokubaliana siku tuliyomzika mkeo: nikistaafu tu nafunga virago, narudi kijijini, tunakaa pamoja wewe na mimi. Neno langu liko palepale. Ila mkataba wa nyumba hii unaisha Mei, sioni haja ya kuuvunja. Nitakuja Mei.

Leo sikuwa na la kufanya. Nilitembea tu, baridi ikanifukuza hadi ndani ya jengo moja huko Samcheong lenye maonyesho ya sanaa. Mlangoni wameandika kwamba waliotimiza miaka sitini na mitano hawalipi. Nikasema kama ni bure, twende. Du-sik wee, ndani kuna chumba kizima cheupe, na kiti kimoja kimepigwa misumari ukutani, juu kabisa, miguu inatazama watu. Watu wamesimama kimya wanakiangalia. Nami nikasimama, dakika ishirini nzima. Sikuelewa kitu, lakini nilipotoka nilikuwa na njaa nzuri, ile ya mtu aliyefanya kazi. Kesho naenda tena, kuna jengo jingine jirani yake.

Vaa nguo nzito.

Dada yako,
Pil-sun


Uiseong, 6 Machi

Dada,

Barua nimeipata. Mimi sijambo. Vitunguu saumu vimeamka. Wiki nzima natoboa plastiki shambani ili majani yatoke. Mgongo unauma kama kila mwaka.

Habari ya mkwe nilidhani Hyeon-u ameshakwambia.

Kiti cha ukutani: hata mimi ninacho kimoja ghalani, kimevunjika mguu. Waambie waje wakichukue.

Mei ni sawa. Chumba chako kimekwisha. Nimelaza mabomba ya maji ya moto chini ya sakafu ili chumba kipate joto, nimebandika karatasi ukutani, ile ya maua madogo, maana ulisema makubwa yanakutia kizunguzungu. Dirisha linatazama upande wa kaburi la mama. Kabati lipo. Kila jioni nawasha moto humo saa moja hivi, karatasi isije ikashika ukungu.

Nakula vizuri. Usiulize.

Du-sik


Seoul, 11 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na asante kwa unga wa pilipili. Huku maua ya cheri yalifunguka, mvua ya Jumamosi ikayashusha yote, na watu wa mjini wananuna utadhani wamefiwa. Mama Gwak, yule niliyeshona naye meza moja, amefanyiwa upasuaji wa jicho. Nilimpelekea uji wa mchele, akaniambia nimezeeka. Nadhani jicho limepona.

Nimeshaona maonyesho kumi na saba. Ndiyo, nahesabu. Tena nina daftari. Nikitoka tu naandika nilichokiona na kama kimenipendeza. Mengine ni upuuzi mtupu, nisikufiche. Mtu kaweka televisheni tano, zote zinaonyesha mwanamke anamenya tangawizi, tena anamenya vibaya, nusu inakwenda na ganda. Lakini siku nyingine unaingia mahali, unakuta kitambaa chekundu kimening'inizwa kutoka darini mpaka sakafuni, hakuna kingine, na moyo unaanza kwenda mbio. Nimeshika vitambaa tangu nina miaka kumi na tisa. Hakuna hata siku moja mtu aliyeniambia nivitazame tu.

Haya, sasa nikupe aibu yangu, ucheke.

Wiki iliyopita niliingia jumba moja la sanaa, jina silitaji. Ghorofa ya pili kuna chumba chenye sakafu ya moto, na mlangoni rafu ya viatu. Nikavua vyangu. Ndani nikakuta mablanketi yetu yale ya zamani, mazito, ya pamba, arobaini kwa hesabu, yametupwa ovyo katikati ya chumba. Saa tano asubuhi! Matandiko hayajakunjwa saa tano! Nilimsikia mama kabisa akinigombeza. Nikadhani wafanyakazi wamechelewa kufanya usafi. Msichana wa kulinda hayupo. Basi nikapiga magoti nikaanza kukunja, mara tatu kwa urefu, mara tatu kwa upana, nikayapanga ukutani, makubwa chini, madogo juu, na mito niliyoikuta humo juu ya yote. Moja lilikuwa limefumuka pindo. Sindano ninayo daima kwenye mkoba, nikalishona.

Nilikuwa nimefika la thelathini na nane msichana aliporudi.

"Bibi! Bibi, unafanya nini?"

"Nakunja, mwanangu. Hebu nisogezee hilo lililo miguuni pako."

"Jamani, Bibi, hiyo ndiyo sanaa yenyewe!"

"Ipi?"

"Hiyo! Hilo rundo!"

Tukageuka kulitazama wote wawili. Rundo halipo.

Akampigia simu msanii mwenyewe, binti mdogo tu, anaitwa Tak Ye-ri. Alikuja mbio, nywele hazijachanwa. Mimi nimekaa kando, viatu mkononi, nafikiria nitawaambia nini polisi. Hakunigombeza. Alitembea kando ya ile safu ya mablanketi, akagusa pindo nililoshona, akaniuliza nani kanifundisha kukunja namna ile. Nikamwambia kufundishwa gani, mama alinichapa mpaka nikajua. Akacheka, halafu akafuta macho. Kumbe aliyaokota kwenye mtaa wa bibi yake uliobomolewa, na aliyatupa pale vilevile watu walivyoyaacha.

Mwisho wa habari, kaniomba niende kila Jumatano. Watazamaji wanayavuruga asubuhi, mimi nayakunja mchana huku nawaeleza hiyo mishono yake. Nikakubali kabla sijafikiri.

Maonyesho yanafungwa katikati ya Juni. Kwa hiyo Mei itakuwa ngumu kidogo. Tuseme mwisho wa Juni.

Pil-sun


Uiseong, 24 Aprili

Dada,

Nimecheka shambani peke yangu mpaka mbwa akaja kunikagua. Mama angekwambia pembe hazikulingana.

Mwisho wa Juni ni sawa. Nilinunua miche ya pilipili nikaipanda mbele ya dirisha lako, nikidhani Mei utakuwepo kuimwagilia. Nitaimwagilia mimi, haina neno.

Nauliza tu. Mkataba ukiisha Mei, utalala wapi mpaka Juni?

Du-sik


Seoul, 15 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo na jua? Vaa kofia, mwaka jana uliungua shingo ukasema ni vumbi. Goti langu halijambo. Mwenye nyumba yangu ni mtu mwema, usiwe na wasiwasi wa malazi.

Jumatano iliyopita watu walijaa hadi kwenye ngazi. Mzee mmoja alichukua blanketi la kijani akasema, "Hili ni la kwetu," na mkewe akamwambia, "La kwenu wapi, la kwenu lilikuwa na viraka," wakaanza kugombana mbele ya kila mtu kuhusu blanketi la mwaka sabini na tatu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha yule mzee akaniomba nimfundishe kukunja. Ana miaka themanini, Du-sik, hajawahi kukunja blanketi lake mwenyewe. Nilimfundisha, mkewe akamsimamia.

Msimamizi wa jumba ananiomba nijiunge na wale wanaojitolea kuwatembeza wageni na kuwaeleza kazi. Mafunzo ni wiki sita. Nimesema nitafikiri.

Mbona barua yako fupi? Wewe unakula na nani siku hizi?

Pil-sun


Uiseong, 30 Mei

Dada. Mimi sijambo. Kalamu mbovu. Mvua imenyesha.

Du-sik


Seoul, 4 Juni

Kalamu mbovu!

Mwongo mkubwa wewe. Niliona hayo maandishi yamelala kama mlevi nikampigia Hyeon-u papo hapo. Ulianguka kwenye ngazi ya ghala tarehe ishirini, mkono wa kulia umevunjika, ulikaa chini pale kwa saa mbili nzima mpaka mtu wa posta akapita, na sasa unaandika kwa kushoto. Tena ukamkataza mwanao asiniambie! Siku mbili hizi siwezi kula.

Nakuja Alhamisi kung'oa vitunguu. Usijibu, barua itapishana nami njiani. Na usipande ngazi.

Pil-sun


Seoul, 24 Juni

Mdogo wangu Du-sik,

Nimefika salama. Mfuko wa vitunguu ulinukisha basi zima, dereva akaniuliza kama ninauza. Nimempa Mama Gwak nusu. Mkono usiuchokoze, plasta ina wiki nne bado, na yule jirani niliyemwomba akuletee mchuzi wa soya usimfukuze mlangoni.

Nimekaa kwako siku kumi na mbili na kila siku nilitaka kukwambia jambo. Nikawa naliahirisha. Tulipong'oa vitunguu nikasema jioni. Jioni ikifika, wewe unaingia kuwasha moto chini ya sakafu yangu, Juni hii, kwa sababu ya goti langu. Nilishindwa kusema huku nimekalia sakafu ile. Kwa hiyo nasema hapa.

Sitaki kurudi kuishi huko, Du-sik.

Nilitia sahihi mkataba wa nyumba hii, miaka miwili mingine. Tarehe tisa Mei. Nilipokujibu swali lako la nitalala wapi nilikuwa nimeshatia sahihi, nikakuzungusha. Nisamehe kwa hilo.

Nilikuja Seoul na miaka kumi na tisa ili wewe usome. Sijuti, na wala usianze kuniandikia maneno ya shukrani, nitayachoma. Lakini miaka yote hiyo mji huu kwangu ulikuwa upana wa meza ya cherehani. Nilikuwa nikitoka usiku naingia usiku. Sasa nina sitini na saba na asubuhi naamka na hamu. Navaa, nashuka, najiuliza leo nitaona nini. Mafunzo nimeyaanza. Juzi nilisimama mbele ya watu tisa nikaeleza picha, na mwanafunzi mmoja wa chuo akaandika nilichosema. Akaandika, Du-sik! Maneno ya Pil-sun mshona makoti!

Nilitoa neno langu mbele ya kaburi la mkeo na sasa nalirudisha, na naona aibu mpaka masikio yanawaka. Najua uko peke yako. Wewe hutasema, ila niliona sahani moja, bakuli moja na jozi moja ya vijiti vya kulia kando ya sinki. Lakini nikirudi kwa sababu ya aibu nitakununia kila siku, na wewe utajua sababu.

Nitukane ukitaka. Lakini andika.

Dada yako,
Pil-sun


Seoul, 29 Julai

Du-sik,

Mwezi sasa, sijapata kitu. Hyeon-u anasema plasta imetolewa, kwa hiyo mkono upo. Andika hata tusi moja.

Mvua huku haikati. Nimefaulu mafunzo, nimepewa kizibao cha kijani. Sikushangilia nilivyotaka.

Pil-sun


Uiseong, 2 Septemba

Dada,

Hujambo. Mimi sijambo. Mkono umepona ila haupandi juu ya bega. Mjukuu amezaliwa, msichana, najua umeshapewa habari. Jina lake Sol. Ana kidevu cha mama, masikini.

Sikuandika kwa sababu nilikasirika. Nilikasirika Julai yote. Nilizima ule moto wa chumba. Mwanzo wa Agosti nikafungua mlango nikakuta ukungu kwenye pembe, nikakasirika zaidi, nikaufuta. Nikawaza, huyu ananidanganya, hakuna mtu anayekataa nyumba yake kwa ajili ya kiti cha ukutani. Nikaamua una mwanamume. Nikasema ngoja nikamwone huyo mwanamume.

Jumatano iliyopita nikapanda basi la saa moja asubuhi. Sikukwambia. Jina la jumba nilipewa na Hyeon-u. Nilivaa kofia na barakoa. Kwenye tiketi nikasema wazee hawalipi, msichana akatazama kitambulisho changu akanipazia sauti, "Mzee, bado mwaka mmoja." Nikalipa.

Mablanketi hayakuwepo tena, kuna picha kubwa za mawe. Nilikuta umesimama mbele ya watu kama ishirini, na hicho kizibao chako. Nikajificha nyuma ya jamaa mmoja mrefu. Sikusikia hata neno moja, hali yangu unaijua. Kwa hiyo sikutazama mawe, niliwatazama wale watu. Ukinyoosha mkono huku, wote wanageuka huku. Mama mmoja alikuwa kwenye simu, akaiweka mfukoni. Kijana mmoja akauliza kitu, ukacheka, ukampiga begani. Ulikuwa unacheka hivyo kabla hujaondoka nyumbani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, nilikuwa nimesahau.

Nilikufuata vyumba vitatu. Nililia ndani ya barakoa, ikalowa, nikashindwa kupumua. Nilitaka kukuita. Nilijua nikikuita utawaacha wale watu uje uniulize nimekula nini. Nikaondoka.

Dada, usirudi. Lile neno la siku ya mazishi mimi ndiye niliyelitaka, na mimi nimekuachia. Nilikuwa naogopa kula peke yangu, ndivyo ilivyokuwa, sasa nimesema. Siku hizi yule jirani wa mchuzi anakaa tunakula wote, anaongea sana, bahati nzuri sisikii. Wewe njoo Chuseok, sikukuu ya mavuno, lala siku nne, umwone Sol, halafu urudi kazini kwako.

Kuna jingine. Kwenye mlango wa kutokea pale kwenu kuna msichana anagawa vikaratasi. Unaandika kazi iliyokupendeza kuliko zote, unabandika ukutani. Nikamwambia sijui majina ya zile kazi. Alinipazia sauti sikioni, "Mzee, andika tu ulichokipenda!" Nikaandika: Yule mama anayeeleza. Ni dada yangu.

Nimekibandika upande wa kushoto, chini, pale mkono ulipofika. Kapite ukisome.

Mdogo wako,
Du-sik